Miguu ya Mbele ya Pikipiki ya Munirah

Jumatatu, 6 Machi 2006
Mvua ya kwanza. Leo nimeanza kazi kwenye gereji ya Mjomba Ambroise hapa Kyebando, Kampala. Kozi ya uuguzi inaanza Agosti, na Mama amesema mtu aliyemaliza shule hakai nyumbani kuhesabu mabati ya paa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilikuwa cha mtihani, na mtihani umekwisha. Kazi yangu ni kuosha vyuma kwa petroli na kutosema sana. Hiyo ya pili naiweza.

Jumanne, 7 Machi
Mjomba anajulikana kwa foku. Foku ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ndani mna springi na oili. Gurudumu likigonga shimo, miguu inaingia, halafu inarudi. Bodaboda wa hapa hubeba abiria wawili na mkungu wa ndizi juu yake, kwa hiyo foku zao huchoka na kulala chini. Mjomba huzijaza oili nzito ya injini, na juu ya springi huweka kipande cha bomba la maji, urefu wa vidole viwili. Watu wanakuja mpaka kutoka Bugolobi. "Foku ya Ambroise hailali," wanasema.

Jumatano, 8 Machi
Mvua. Kuosha vyuma.

Ijumaa, 10 Machi
Leo nimeona pikipiki isiyotengenezwa kumbeba mtu wa pili. Haina kiti cha nyuma, haina taa, haina namba. Matairi yana meno marefu kama vidole. Ililetwa kwa pikapu na dada mmoja anayeitwa Munirah, mwenye miaka ishirini, ambaye hushindana katika mbio za matope. Mimi nina kumi na minane, na nilipomwona anaishusha peke yake kwa ubao nilisahau kusalimia.

Alikuja na baba yake, Mzee Kamis, mwenye malori mawili yanayokwenda Juba. Mwaka jana Munirah alitua vibaya kutoka kwenye mruko, akavunjika mfupa wa bega. Mzee alisimama mbali na pikipiki kama mtu anayeogopa mbwa.

"Ambroise," alisema, "nimempa msimu mmoja. Mbio ni tarehe ishirini na nane Mei. Akianguka tena, wallahi nauza. Siku hiyohiyo."

"Baba, sikuanguka. Mikono iliachia."

"Mikono ya nani?"

Nilimchukia yule mzee.

Walipoondoka, nilichukua rula yangu ya shule nikapima foku inaweza kuingia kiasi gani. Rula nzima! Sentimita thelathini. Za bodaboda haziingii hata nusu ya hapo.

Jumanne, 14 Machi
Tumefungua foku. Nilidhani ndani mna springi tu. Kumbe katikati mna fimbo yenye matundu, na oili inalazimika kupita humo kila gurudumu linapopanda na kila linaposhuka. Oili ikipita kwa shida, mguu unakwenda polepole. Ikipita kwa urahisi, unakwenda mbio. Matundu yenyewe ni madogo kuliko kitufe cha shati. Nimekaa nikiyatazama mpaka Mjomba akauliza kama nimeona mende.

Akanipa kopo. "Mimina, mtoto ya dada."

Nikamimina mimi mwenyewe, oili nzito ya injini, na tukaweka bomba vidole viwili. Kama kawaida yetu.

Jumapili, 19 Machi
Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Nyuma ya tanuri za matofali kuna mashimo ya udongo yaliyoachwa, na hapo ndipo Munirah hufanyia mazoezi. Kuna kilima kimoja cha kurukia, na baada yake matuta manane madogo yaliyofuatana. Aliporuka, pikipiki ilikaa hewani muda mrefu kiasi kwamba niliweza kuona gurudumu la mbele linaning'inia, miguu imenyooka yote, inameta. Halafu ardhi ikaja, na miguu ikameza kila kitu. Nilisikia pumzi tu, *fuu*, kama mtu anayetua mzigo. Nilikuwa nimeshika mdomo.

Lakini kwenye matuta madogo mambo yaliharibika. La kwanza sawa, la pili sawa, kufika la tano mikono yake ilikuwa inarushwa, na la saba karibu limtupe.

"Mikono imekufa," alisema akivua glavu. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Nilikuwa nimedhani haogopi kitu.

Ongom, boda anayeshinda kwenye benchi letu hata siku za Jumapili, akasema, "Fundi, ongeza bomba! Iko laini sana."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

Jumatano, 22 Machi
Nilipoosha pikipiki niliona kitu. Tope lilikuwa limekauka juu ya chuma kinachong'aa cha foku, isipokuwa sehemu iliyosuguliwa na mguu wa chini ulipopanda. Tope lilikuwa limechora mpaka! Mtu angeweza kusoma mahali foku ilipofika bila kuiuliza.

Nimekata mpira mwembamba wa tyubu ya baiskeli nikaufunga hapo kama bangili. Foku ikiingia itausukuma juu, na ikirudi itauacha pale pale.

Alhamisi, 23 Machi
Mjomba ameuona mpira. Ameuliza kama foku ina mafua.

Jumapili, 26 Machi
Nilimwomba Munirah, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, aruke kilima peke yake kisha asimame. Akaniambia, "Sema tena, mdogo wangu, mvua inakuzidi." Nikasema tena. Akafanya.

Baada ya mruko: sentimita kumi na nne.
Nikaurudisha mpira chini. Baada ya matuta manane madogo: ishirini na tisa.

Tumerudia mara tatu. Inawezekanaje vituta vya kimo cha sufuria viisukume foku kuliko kilima kinachonizidi urefu?

Jumanne, 28 Machi
Mvua kubwa. Mfereji wa Nakivubo umefurika, Mama amerudi na viatu mkononi.

Ijumaa, 31 Machi
Nimejua. Nilikuwa nakung'uta unga kwenye chekecheke, naongeza mwingine kabla wa kwanza haujapita, unazidi kujaa, nikaelewa, nikaacha unga.

Oili ni nzito mno. Mguu unaingia, lakini unarudi polepole. Tuta la pili linaukuta bado haujarudi wote, linausukuma zaidi. La tatu linaukuta ndani zaidi. Kufika la sita hakuna nafasi iliyobaki, na Munirah anakuwa kama mtu aliyepanda fimbo ya chuma. Mruko ni pigo moja, kisha foku ina muda wote wa kurudi. Vituta havitoi muda.

Kwa boda haionekani, kwa sababu boda hapiti matuta manane kwa mwendo ule, na mgongoni ana watu wawili.

Kwa hiyo kosa liko kwenye oili, na oili niliimimina mimi. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Aprili
Mzee Kamis ameleta foku nyingine. Ametoka nayo Nairobi, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, ikiwa na kichwa chake cha kufungia na gurudumu lake. Ni ya rangi ya dhahabu. Na imegeuzwa: sehemu nene iko juu, chuma chembamba kinachong'aa kiko chini karibu na gurudumu. Ya zamani ni kinyume, wembamba juu, unene chini.

Benchi zima lilisimama.

"Banange, jamani," alisema Ongom. "Hii ni ya bwana harusi."

Nimeitazama saa nzima. Yule aliyeigeuza aliwaza nini? Nadhani aliwaza hivi: mti huvunjikia pale unaposhikwa, basi weka unene pale pikipiki inaposhika. Ni wazo dogo na linanipa baridi mwilini.

Mzee hakuigusa. Alimwambia Mjomba, "Weka hii. Waliniambia wakubwa wote wanatumia hii." Kisha akauliza polepole, "Hii haiachii mikono, sivyo?"

Sasa sijui kama bado namchukia.

Jumapili, 16 Aprili
Pasaka. Kanisa, wali, kuku. Mvua kutwa.

Jumapili, 23 Aprili
Foku ya dhahabu, jaribio la kwanza.

Niwe mkweli, kwa sababu nataka kuwa mtu anayepima kwanza. Kwenye mruko ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote. Foku ya zamani ikitua hujipinda kidogo, unaona gurudumu likitafuta njia. Hii ilitua imenyooka kama rula. Munirah alipiga kelele za furaha hewani, tulimsikia kutoka tanurini.

Kwenye vituta ilimpiga. Haikuzama kama ile nyingine, iligoma tu kuingia. Mpira wangu, ambao huku unasukumwa kwenda chini, ulionyesha sentimita kumi na moja mahali pote, mruko au vituta. Theluthi mbili ya foku haijawahi kutumika. Springi yake ni nene sana. Ilitengenezwa kwa mwanaume wa kilo tisini, na Munirah ana hamsini na mbili.

"Inaonekana vizuri sana," alisema, akijikanda viganja. "Mwambie Baba inaonekana vizuri sana."

Jumapili, 30 Aprili
Dhahabu imeanza kuvuja. Chuma chake kiko chini, ndipo changarawe na tope vinapokipiga, na mchanga umekata mpira wa kuzuia oili. Kwenye nchi kavu isingetokea. Springi nyepesi haipatikani Kampala. Mjomba ameuliza mpaka kwa mafundi wa Katwe.

Zimebaki wiki nne.

Jumatano, 3 Mei
Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Mjomba aliamua kurudisha foku ya zamani. Nilifurahi. Halafu akasema, mbele ya benchi lililojaa boda waliokimbia mvua, "Safari hii tunaweka oili nzito kabisa na bomba vidole vitatu. Haitalala hata ikipandwa na tembo." Wakacheka, wakapiga makofi. Akanipa kopo.

"Mimina."

Sikumimina. Nilisimama na kopo.

"Sista," alisema Ongom, "wewe mdomo uliacha shuleni, sasa unaacha na mikono hapa?"

"Mjomba," nikasema, "hairudi."

"Nini hairudi?"

"Foku. Inaingia, hairudi upesi. Tuta la pili linaikuta bado iko ndani."

Hakuna anayemsahihisha Mjomba kuhusu foku, na mimi ni mtoto wa dada yake, tena mbele ya wateja.

"Weye," alisema, "mi nafunga foku tangu Butembo, kule Kongo. Ulikuwa haujazaliwa. Nani amewahi kurudisha foku ya Ambroise kwamba inalala?"

"Hakuna, Mjomba. Lakini hao wana mzigo. Huyu hana mzigo."

Alichukua kopo mkononi mwangu, si kwa nguvu. "Nenda ukaoshe."

Nikaenda nikaosha. Nimeosha hata vyuma vilivyokuwa safi. Kilichoniuma zaidi si kelele, maana hakupiga kelele. Ni kwamba alikuwa amefedheheka, na kila mtu aliliona hilo, na ni mimi niliyefanya hivyo kwa mtu aliyetupokea tulipokuja Kampala na mkeka mmoja.

Alhamisi, 4 Mei
Sikutaka kwenda kazini. Mama amesema mgonjwa huonyesha ulimi, akautazama, akanifukuza.

Nilipofika, Mjomba alikuwa peke yake. Pikipiki ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye kreti. Amevaa miwani ya kusomea. Anabonyeza usukani, anaachia, anahesabu kwa midomo mpaka foku inarudi juu. Anabonyeza haraka mara nne mfululizo, anatazama ilipoishia. Sijui alianza saa ngapi. Mpira wangu ulikuwa ungali umefungwa, na alikuwa ameuwekea alama kwa kalamu.

Hakuniangalia.

"Miaka ishirini," alisema, "nafunga foku kwa ajili ya ndizi."

Akafungua skrubu ya chini, oili nzito ikaanza kutoka, nyeusi, polepole. Tulikaa wawili kuitazama ikiisha. Ilichukua muda mrefu sana kutoka. Mjomba akacheka mwenyewe. "Angalia vile inatoka! Na mi nilitaka iruke."

Alitoa mabomba. Akanituma dukani kuleta oili nyekundu, ile nyepesi ya gia za otomatiki. Nilipomimina, ilipita kama chai.

Ijumaa, 5 Mei
Ongom ameambiwa habari ya oili na Mjomba mwenyewe. Sasa ananiita Injinia. Ni afadhali kuliko Sista, lakini si sana.

Jumapili, 14 Mei
Foku ya zamani, oili nyekundu.

Mruko: ishirini na nne. Vituta vinane: kumi na tatu.

Nimeandika namba, lakini namba hazisemi nilichokiona. Gurudumu lilikuwa linapanda na kushuka haraka kiasi kwamba macho yanashindwa kulifuata, tuta, bonde, tuta, bonde, halikuliacha hata moja, kama kidole cha mtu anayesoma mstari kwa mstari. Na Munirah juu yake ametulia. Nilikuwa na umri wangu wote huu na sikujua kwamba chuma kinaweza kuwa na adabu namna hii.

Mruko bado unatua umepinda kidogo. Kwa hilo ile ya dhahabu ni bora, na itabaki bora. Lakini mbio zetu ziko kwenye matope, na mkimbiaji wetu ana kilo hamsini na mbili.

Alirudi, akavua glavu, akanyoosha vidole mbele yangu. Vimetulia.

Jumanne, 16 Mei
Mjomba amemweleza Mzee Kamis kwamba dhahabu yake imetolewa. Mzee aliuliza swali moja tu: "Ile iliyomvunja ndiyo mmerudisha?" Mjomba akasema ndiyo. Mzee akaingia kwenye gari akakaa bila kuliwasha.

Jumatatu, 22 Mei
Mvua.

Jumanne, 23 Mei
Mvua.

Jumapili, 28 Mei
Ni saa moja jioni na bado nina tope masikioni.

Uwanja wa mbio uko upande wa barabara ya Entebbe, kwenye mteremko. Maelfu ya watu. Kabla ya kuanza Munirah alikwenda nyuma ya pikapu akatapika, akasukutua mdomo, akafunga hijabu upya, akavaa helmeti. "Kila mara," aliniambia. "Usimwambie Baba." Kumbe ndivyo walivyo watu hodari. Nilidhani ni kitu kingine.

Raundi ya kwanza alikuwa wa sita kati ya kumi na wanane, wote wengine wavulana. Hakuna aliyepita vituta kama yeye. Mjomba alishika kichwa kwa mikono miwili na kusema tu, "Eeh. Eeh."

Nilipokwenda kuchukua maji, nilimkuta Mzee Kamis. Alikuwa amesimama nyuma ya lori, ameupa uwanja mgongo, tasbihi mkononi. Amekuja mbio zote tangu binti yake aanze, na hajawahi kuona hata moja. Aliposikia hatua zangu akauliza bila kugeuka, "Amepita?"

Sikuweza kuondoka. Raundi ya pili nilisimama kwenye kona ya lori, naona njia, naye nyuma yangu haoni. Kila mzunguko nikawa namwambia.

"Amepita, Mzee."

"Alhamdulillahi."

Mvua ikaanza mzunguko wa tatu. Njia ikawa sabuni. Nikaona wanne wakianguka kwenye kona moja.

"Amepita, Mzee. Ni wa tano."

Mzunguko wa sita hakupita. Nikahesabu waliopita. Nikahesabu tena. Tasbihi nyuma yangu ikanyamaza.

"Binti. Amepita?"

Ningeweza kudanganya. Pikipiki ingebaki, labda. Lakini mtu anayeona kwa macho yangu nimpe uongo?

"Bado, Mzee."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza akautazama uwanja, na alichokiona ni Munirah amekaa kwenye tope chini ya kona, pikipiki imelala juu ya mguu wake, injini imezima.

Sijawahi kuona mzee akikimbia hivyo. Kanzu ameikunja mkononi, kiatu kimoja kimebaki. Watu wa bendera walimpigia kelele, hakuwasikia. Nilikimbia nyuma yake nikijua anakwenda kumtoa, na kwamba imekwisha. Alishika usukani, akaivuta pikipiki ikasimama, akamtazama binti yake kuanzia bega moja mpaka la pili.

"Mikono?"

"Iko, Baba. Nimeteleza tu."

"Umeteleza?"

"Kila mtu anateleza!"

Waliokuwa nyuma wakapita, wawili, wakaturushia tope. Mzee akafuta macho. Akaona wanakwenda. Kitu kikabadilika usoni mwake.

"Basi unakaa nini? Washa! Washa, wanakupita!"

Amemaliza wa tisa.

Alhamisi, 1 Juni
Hakuna aliyekuja gerejini. Mzee aliapa kwa Mungu, na Munirah alianguka, kila mtu aliona. Mjomba anasema Mzee Kamis hajawahi kuvunja neno lake hata la bei ya matairi. Pikipiki iko hapa, nimeiosha, sina la kuifanyia tena.

Jumamosi, 3 Juni
Mzee Kamis amekuja, na Munirah! Alikuwa amekwenda kwa shehe wake kuuliza. Shehe amemwambia mtu aliyeapa akaona heri iko kwingine, afanye lililo la heri, na alipe kafara: alishe maskini kumi. Amewalisha jana baada ya sala, pilau na nyama. Pikipiki haiuzwi.

"Mzee," alisema Ongom kutoka benchini, "hata sisi ni maskini, mbona hukutuita?"

"Wewe una pikipiki."

"Ya mkopo, Mzee!"

"Basi subiri niape tena."

Munirah alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akanigeukia mimi, nikatamani kuingia ndani ya kreti. "Kesho," alisema, "nataka kuangalia mazoezi. Utasimama na mimi. Nifundishe namna ya kuangalia."

Jumapili, 4 Juni
Mvua imekatika. Udongo wa mashimoni unatoa mvuke.

Tulisimama kando ya vituta, Mzee na mimi. Munirah alipowasha injini kule mwisho, niliona Mzee ameanza kugeuza shingo, kwa mazoea.

"Usimtazame yeye, Mzee," nikasema. "Tazama gurudumu la mbele."

"Gurudumu tu?"

"Gurudumu tu. Na ile miguu."

Munirah akaja. Gurudumu likaingia tuta la kwanza, likapanda, likashuka, likapanda. Sikumtazama Munirah, nilimtazama Mzee. Macho yake yalikuwa yanakwenda juu na chini, juu na chini, midomo imeachana kidogo. Kisha, bila mimi kumwambia, akayainua polepole, kutoka gurudumuni kwenda kwenye miguu, kwenye usukani, kwenye mikono, mpaka kwenye helmeti ya binti yake, iliyokuwa inapita mbele yetu imenyooka, kama ya mwanamke aliyebeba maji kichwani.

"Hatikisiki," alisema.

"Hatikisiki, Mzee."

Mzee alipoona binti yake amefika mwisho, akainua mkono wote juu na kupiga kelele arudie.